Jina la Mama katika Kitabu cha Ushirika

Kila mtu aliyekaa katika milima ya Kivu wakati wa mavuno ya kahawa ameona jambo hili. Asubuhi mama huingia shambani pamoja na watoto wake. Huchuma matunda mekundu moja moja, na mabichi huyaacha yapate kuiva. Mchana hujitwika mzigo, akashuka mlima mpaka penye mizani. Karani hupima, kisha huuliza: «Jina?» Mama hutaja jina la bwana wake, na karani huliandika kitabuni. Siku ya malipo ikifika, bwana huenda kupokea franka.

Hapo hakuna mwizi. Karani amefuata kanuni, bwana ndiye mwenye shamba, na mama mwenyewe hakunung'unika. Walakini kitabu hakikusema kweli yote. Aliyepalilia, aliyechuma na aliyebeba mzigo hayumo. Ukimwuliza karani, «Mna wakulima wangapi?» atahesabu majina, na mama huyo hatahesabiwa. Wala siku ya mkutano hataitwa kutoa sauti yake.

Siku hizi watu husema sana kwamba ushirika wa wakulima, ambao wengi wetu huuita koperativi, utawainua wanawake wa vijijini. Je, ni kweli? Historia yatujibu: ni kweli, lakini kwa sharti. Ushirika humwinua mama pale jina lake mwenyewe linapoandikwa kitabuni. Sharti hilo ni dogo kulitaja, lakini limechukua miaka mingi sana kutimizwa, na mahali pengi bado halijatimizwa. Tufuate habari zake tangu mwanzo.

DUKA LA ROCHDALE

Ushirika wa namna tunayoijua leo ulipata sura yake Uingereza, katika mji wa Rochdale. Mwaka 1844 watu 28, wengi wao maskini wa kazi ya kufuma nguo, waliunganisha fedha zao kidogo kidogo. Mishahara yao ilikuwa midogo, na vyakula vya madukani mara nyingi vilichanganywa na uchafu ili kuongeza uzito. Tarehe 21 Desemba mwaka ule walifungua duka lao, wakauza unga, siagi na sukari kwa mizani ya haki. Kanuni zao zilikuwa rahisi. Kila mshiriki ana sauti moja, awe na mali nyingi au kidogo. Faida hugawanywa kwa kadiri kila mtu alivyonunua.

Mwaka 1846 mwanamke jina lake Eliza Brierley aliandikwa katika kitabu chao. Yeye ndiye mshiriki wa kwanza wa kike. Tusilipite jambo hili upesi. Wakati ule sheria ya Uingereza ilisema kwamba mali ya mwanamke aliyeolewa ni mali ya bwana wake. Sheria hiyo haikuanza kugeuzwa ila mwaka 1870, tena kwa nguvu zaidi mwaka 1882. Basi kitabu cha duka dogo la maskini kilitangulia sheria ya ufalme mzima kwa miaka zaidi ya 20.

KASHA LA AKIBA LA LÉVIS

Wakatoliki nao hawakukaa mikono mitupu. Katika mji wa Lévis, nchi ya Kanada, tarehe 6 Desemba 1900, Bwana Alphonse Desjardins alianzisha kasha la akiba pamoja na watu wa mji wake. Alikuwa amewaona wakulima na wafanya kazi wakilipa riba za kuwafilisi. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, mwezi wa Januari 1901, zilipatikana dola 26 na senti 40 tu. Kutoka mbegu hiyo ulimea mti mkubwa, na mapadri wa parokia nyingi waliumwagilia maji.

Lakini nani alikitunza kitabu? Bwana Desjardins alikuwa na kazi Ottawa, katika baraza la nchi, na kwa miezi mingi kila mwaka hakuwako nyumbani. Mkewe, Dorimène, ndiye aliyewapokea watu, akahesabu senti zao na kuandika. Tena aliyafanya hayo huku akilea watoto, na kwa hofu kubwa, kwa maana kabla ya sheria ya mwaka 1906 hapakuwa na sheria ya kulikinga kasha. Lingeanguka, mali ya nyumba yao ingeliwa. Na kwa sheria ya Québec ya siku zile mwanamke aliyeolewa hakuwa na uwezo wa kufanya mapatano bila idhini ya bwana wake. Sheria hiyo iligeuzwa mwaka 1964, Dorimène akiwa amekufa zamani.

Basi tazameni. Kule Rochdale mama alipata jina kabla ya sheria. Kule Lévis mama alibeba kazi yote, na sheria haikumtambua. Tukumbuke maneno haya matatu, kazi, jina na sheria, tunaporudi kwetu.

KAZI YA MAMA, HESABU YA BABA

Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabeleji iliwalazimisha watu wa vijiji vya Kongo kulima mazao fulani, na hasa pamba. Amri ya mwaka 1933 iliweka siku 60 za kazi hiyo kila mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Katika hesabu ya serikali mkulima alikuwa mwanamume mzima mwenye nguvu. Yeye alipimiwa shamba, yeye alidaiwa kodi, na shamba lisipolimwa, yeye alifungwa. Wazee wetu waliteswa na jambo hilo, nasi hatulisahau.

Lakini baba huyo hakulima pamba peke yake. Kupalilia na kuchuma kulikuwa juu ya mkewe pia, na mashamba ya mihogo na maharagi yalikuwa yakimngoja vile vile. Kazi yake iliongezeka, na jina lake halikuandikwa mahali po pote. Baadaye, serikali ilipopanga mashamba ya wenyeji kwa mistari, mpango ulioitwa paysannat, viwanja viligawanywa kwa kichwa cha jamaa. Hesabu ikabaki ile ile.

Na sisi watu wa misioni? Lazima tuseme kweli. Shuleni wavulana walifundishwa kilimo, na wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Katika miji nyumba za mafundisho ya akina mama, zilizoitwa foyers sociaux, zilifuata njia hiyo hiyo. Hatusemi haya kwa kuwalaumu masista wa zamani. Mafundisho yao ya usafi na malezi yaliokoa watoto wengi, na mama zetu bado wanawashukuru. Walakini tulimpa mama sindano, ambayo hakuwa nayo, na jembe alilolishika kila siku hatukulitazama. Tulimwona kama mke wa mkulima, wala hatukuona kwamba mkulima ni yeye.

Lakini Maandiko yalikuwa yametuonya tangu zamani. Kitabu cha Mithali, katika sura yake ya mwisho, humsifu mwanamke anayeliangalia shamba, akalinunua, akapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Na Kanisa halikunyamaza. Mwezi wa Mei 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra, aliwahimiza wakulima waungane katika vyama vya ushirika, kwa maana sauti ya mmoja peke yake haisikiki. Mwaka 1963, katika Pacem in Terris, aliandika kwamba wanawake wanazidi kuitambua heshima yao ya kibinadamu, na kwamba wanadai haki zao nyumbani na katika mambo ya nchi. Nyaraka hizi mbili zasomeka vizuri zikiwekwa pamoja. Ushirika usio na sauti ya mama ni nusu ya ushirika.

Katika Kongo yetu, amri ya tarehe 24 Machi 1956 ndiyo iliyoongoza vyama vya ushirika kwa zaidi ya miaka 50. Sheria ilikuwako. Kilichokosekana kilikuwa kingine, nasi tutakiona katika habari za kahawa.

KAHAWA YA USIKU

Ardhi ya Kivu ni baridi na yenye rutuba. Tangu mwaka 1928 shirika lililoitwa Comité National du Kivu lilipewa mamlaka ya kuigawa, na wazungu walipata mashamba makubwa ya kahawa. Baadaye wakulima wenyeji nao walipanda miti yao karibu na nyumba zao. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zitatwaliwa. Mashamba mengi yalipewa watu wasiojua kilimo, yakageuka vichaka. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikashuka karibu nusu. Kisha zikaja vita, ile ya 1996 na 1997, na ile ya 1998 mpaka 2003.

Mkulima wa Kalehe au wa kisiwa cha Idjwi afanye nini? Hakuna mashine za kutengenezea kahawa, hakuna mnunuzi wa haki, na kodi ni nyingi. Basi wanaume walipakia kahawa katika mitumbwi, wakavuka Ziwa Kivu usiku kwenda Rwanda. Kule waliiuza kwa bei duni, au waliibadilisha kwa sabuni, nguo na mafuta. Ziwa lile lina dhoruba za ghafula. Wengi walizama. Asubuhi wake zao walisimama pwani wakingoja, na mtumbwi haukurudi. Ndivyo magendo ya kahawa yalivyowaacha wajane wengi katika vijiji vya ziwa.

Katika taabu hiyo ushirika ulizaliwa upya. Mwaka 2003 Bwana Joachim Munganga na wenzake walianzisha Sopacdi, ambao makao yake yalikuwa Minova. Mwaka 2009 ulizaliwa mwingine katika Kalehe, ukaitwa Muungano. Kwa nini mkulima mmoja hawezi kufanya kazi hiyo peke yake? Kwa sababu kahawa nzuri haina subira. Tunda likichumwa asubuhi lazima limenywe siku ile ile kwa mashine, kisha punje ziachwe zichachuke, zioshwe kwa maji safi mengi, zianikwe juu ya meza za wavu, na mbovu zitolewe kwa mkono. Kituo cha kuoshea chahitaji fedha nyingi, ambazo jamaa moja haiwezi kuzipata. Lakini jamaa mamia zikiungana, kituo kinajengwa, na kahawa iliyokuwa ikivuka ziwa gizani husafirishwa mchana, kwa jina lake, mpaka Ulaya na Marekani. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika vyama hivyo waliingia wanawake, na wengi wao walikuwa wajane. Hapa tusimame kidogo. Mjane alipofika penye mizani na karani alipouliza «Jina?», alitaja lake, kwa maana hakuwa na la kutaja tena. Hivyo jina la mama liliingia kitabuni kwa mlango wa msiba. Tunamshukuru Mungu kwamba liliingia. Lakini twajiuliza, ndugu zangu: je, ni lazima mwanamke amzike bwana wake ndipo ahesabiwe kuwa mkulima?

SHERIA YAGEUKA POLEPOLE

Kwa nini yule mwenye bwana hakuandikwa? Sababu ya kwanza ni ardhi. Vyama vingi vya kahawa humwandika mwenye miti, na kwa desturi miti ni ya mwanamume. Sababu ya pili ilikuwa sheria yenyewe. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, kilimtaka mke apate idhini ya bwana wake kabla ya kujifunga kwa mapatano ya kazi. Mwanamke aliyetaka kutia sahihi mahali pengi aliulizwa: «Barua ya bwana wako iko wapi?»

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, iliiagiza serikali kuondoa ubaguzi wote juu ya wanawake. Mwaka 2012 Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria ya ushirika ya umoja huo ikachukua nafasi ya amri ile ya 1956. Kwa sheria hiyo hata watu watano waweza kuanzisha chama kidogo cha ushirika, na kila mmoja ana sauti moja. Mwishowe, tarehe 15 Julai 2016, sheria ya jamaa ilirekebishwa, na idhini ile ya bwana ikaondolewa. Hata hivyo sheria hiyo bado ilimwita mume kichwa cha nyumba.

Kwa hiyo leo, karani akimwambia mama kwamba sheria inamkataza kuwa mshiriki, asema uongo. Lakini sheria haipandi kahawa, wala haigawi ardhi ya ukoo. Yaliyobaki ni mapatano ya mume na mke, na ya jamaa na jamaa. Mapatano hayo yatapatikanaje?

MTI ULIOCHORWA

Twende kidogo ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Ruwenzori katika Uganda. Wakonzo wa kule ni ndugu za Wanande wa Beni na Butembo, lugha yao ni karibu moja. Huko Kyarumba kuna chama cha ushirika kinachoitwa Bukonzo Joint. Wengi wa washiriki wake ni wanawake. Wakuu wake waliona kwamba hotuba juu ya haki za mama huwachosha watu, na wanaume huondoka na hasira. Basi wakatumia njia nyingine. Mume na mke huketi pamoja na karatasi, nao huchora mti. Asiyejua kusoma aweza kuchora.

Mizizi ya mti ni kazi. Upande mmoja huchorwa kazi za mke, upande wa pili kazi za mume: kupalilia, kuchuma, kuteka maji, kujenga, kukata matawi. Matawi ya juu ni matumizi ya fedha: ada ya shule, chumvi, nguo, pombe. Tena huonyeshwa nani ana mali gani katika nyumba. Mti ukimalizika, wote wawili huutazama. Mara nyingi mizizi ya upande mmoja ni mingi mno, na matunda huanguka upande wa pili. Mti kama huo huinama. Hakuna mtu aliyemshitaki mume. Mchoro umemwonyesha, na mkono wake mwenyewe ndio uliochora.

Kutokana na michoro hiyo jamaa nyingi zilifanya mapatano, na wengine waliandikiana karatasi ya shamba kwa majina yote mawili, la mume na la mke. Kisha wakaona faida isiyotazamiwa. Mke aliyejua kwamba miti ni yake pia aliichunga zaidi. Aliacha kuchuma mabichi, na aliacha kuuza kidogo kidogo kwa siri ili apate fedha ya sabuni. Kahawa ikawa nzuri, na nyumba nzima ikapata zaidi.

NA SISI?

Twasikia baba mmoja akisema: «Mke akishika franka, nyumba itavunjika.» Baba, twakuelewa. Lakini fikiri vizuri. Nyumba huvunjika kwa ajili ya fedha zilizofichwa, na kwa ajili ya kazi isiyoshukuriwa. Mkiwa wawili mbele ya mizani, na malipo yakihesabiwa mbele ya macho manne, kuna nini cha kuficha? Ninyi mlitoa ahadi mbele ya altare kuwa mwili mmoja. Je, mwili mmoja utakuwa na mkono wa kulia unaohesabiwa na mkono wa kushoto usiohesabiwa?

Basi twawaomba wasomaji wetu wafanye mambo machache. Mahali penye ushirika, wazee wa chama wafungue kitabu na kuhesabu: wanaoleta mavuno ni nani, na walioandikwa ni nani? Kanuni iruhusu mume na mke kuandikwa wote wawili. Bwana ampe mkewe miti inayojulikana kwa hesabu, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Malipo ya mama yatiwe katika mkono wa mama. Mkutano ufanywe saa ambayo mama hayuko jikoni wala mtoni. Tena wachaguliwe wanawake wenye kushika funguo na kusoma mizani, si wa kupika chakula cha wageni siku ya mkutano tu. Na mahali pasipo na ushirika, kumbukeni: watu watano watosha kuanza.

Mwezi wa Januari 2025 vita iliifikia Minova yenyewe, na watu wengi wakakimbia. Katika mbio hizo mama hubeba mtoto, sufuria na nguo kidogo. Amani ikirudi, wengine watagombania mashamba, na waliofiwa watasukumwa kando na ndugu za marehemu. Mama aliyeandikwa pamoja na bwana wake ana neno la kusema, na washiriki wenzake ni mashahidi wake. Yule asiyeandikwa ana machozi tu.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa ushirika, na mwaka 2026 kuwa mwaka wa mwanamke mkulima. Ni vizuri. Lakini mizani iko kijijini kwetu, na kitabu kiko mkononi mwa karani tunayemjua, pengine tunaketi naye kanisani. Mavuno yajayo, mama akishuka mlima na mzigo wake, na karani akiuliza «Jina?», bwana wake asimame kando yake na kumwambia: «Taja lako.»